Mjanja wa Namna Gani? Mwongozo wa Kuchagua Neno la Kiingereza la Ujanja na Hila

Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi akimwambia mwenzake “wewe mjanja”, mara nyingi anamsifu: hakupunjwa, hakuachwa nyuma, anaujua mji. Mzee akikuambia “jihadhari na yule, ni mjanja”, neno ni lilelile lakini sasa ni onyo. Hatuchanganyikiwi, kwa sababu sauti ya msemaji, uso wake na jambo linalozungumzwa vinatosha kutufafanulia. Kiingereza nacho kina sauti na muktadha, ila kazi hii kimeigawa kwa maneno mengi, na kila neno limebeba kipimo chake cha sifa au lawama: “shrewd”, “cunning”, “crafty”, “wily”, “artful”, “sly”, “slick”, “devious”, “underhand”, “deceitful”, “duplicitous”, “disingenuous”. Anayechukua lolote kati ya hayo kwa sababu tu kamusi imeliweka mbele ya “mjanja” anaweza kumchafulia mtu jina bila kukusudia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika barua ya mapendekezo kwa Kiingereza, mfasiri wa habari, mkalimani, mwalimu, na mwanafunzi anayejiandaa kwa insha. Kabla ya kuendelea, kubali jambo moja: maneno haya hayaelezi tabia tu, yanahukumu. Ukichagua neno, umetoa hukumu. Basi hakikisha ni hukumu uliyoikusudia, na kwamba unaweza kuisimamia.

Maswali manne kabla ya kufungua kamusi

Swali la kwanza: unasifu, unalaumu, au unaeleza tu? Usipojua jibu, bado hujawa tayari kuchagua neno.

La pili: je, kuna uongo? Wapo watu wanaoshinda kwa sababu waliona mapema, na hakuna aliyedanganywa. Wapo wanaoshinda kwa kumfanya mwenzao aamini kisichokuwepo. Kiingereza kinawatenga watu hawa wawili kwa ukali kuliko Kiswahili.

La tatu: hila imejificha wapi? Usoni, ulimini, kwenye mpango, kwenye njia iliyotumika, au kwenye ukimya? Hapa ndipo maneno mengi yanayodhaniwa kuwa sawa yanapoachana.

La nne: nani ameumia, na kwa kiasi gani? Mtoto aliyechota sukari mama akiwa ameangalia pembeni na mtu aliyeuza shamba moja kwa wanunuzi wawili hawawezi kuitwa kwa neno moja.

Ukishajibu maswali haya, fuatana nami tuanze na maneno ya sifa, kisha tushuke hatua kwa hatua hadi kwenye lawama nzito.

Maneno ya sifa: akili inayoona mbali

Mfanyabiashara wa nafaka anayesoma dalili za mvua, akanunua mahindi kabla bei haijapanda, ni “shrewd”. Hakumdanganya mkulima wala mteja. Aliona wasichokiona wengine. Kwa Kiswahili tungesema ana jicho kali, ni mtambuzi, hadanganyiki kirahisi. Neno hili hupenda kukaa karibu na uwekezaji, biashara, siasa na kukisia: “a shrewd investor”, “a shrewd move”, “a shrewd guess”. Linasifu akili ya mtu bila kusema lolote kuhusu wema wa moyo wake, kwa hiyo lina ubaridi kidogo. Mfano wa mwekezaji ni mahali pake. Salamu za rambirambi siyo.

Jambo la kushangaza ni kwamba “shrewd” lilizaliwa baya. Katika Kiingereza cha zama za kati lilimaanisha mwovu, mwenye ubaya, likitokana na “shrew”, neno lililotumika kwa mtu mwenye roho mbaya. Karne kwa karne likapanda hadi kuwa sifa. Ukisoma maandishi ya kale, kumbuka safari hiyo, la sivyo utasoma pongezi mahali palipokuwa na tuhuma.

“Astute” ni safi zaidi. Humfaa mchambuzi wa siasa, msomaji makini, wakili anayeliona shimo katika mkataba. Kama unaandika barua ya mapendekezo na unaogopa kueleweka vibaya, hili ndilo neno salama kuliko yote katika mwongozo huu.

“Canny” lina tahadhari ndani yake, hasa katika mambo ya pesa: mtu asiyekurupuka, asiyelipa zaidi ya inavyostahili. Lilitoka Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, na huko Newcastle mtu akiitwa “canny” huwa anaambiwa kwamba ni mwema, mtu wa kupendeza. Ukikutana nalo katika mazungumzo ya watu wa eneo hilo, usilitafsiri kwa “mjanja”.

“Ingenious” ni la ubunifu. Fundi aliyekata pipa kuukuu akalifanya jiko linalookoa mkaa ni “ingenious”. Hakuna anayedanganywa hapa, kwa hiyo neno hili lipo katika mwongozo wetu kwa sababu moja tu: watu hulichanganya na mengine mawili yanayofanana nalo kwa sauti. Tutayafikia.

Maneno ya katikati: hila yenye ustadi

Sasa tunaingia eneo ambalo sifa na lawama zinagombania kiti kimoja.

“Cunning” limefanya safari kinyume na “shrewd”: lilianza juu likashuka. Ni ndugu wa “can”, na asili yake ni kujua na kuweza. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, iliyoagizwa na Mfalme James, mafundi stadi waliotengeneza hema ya kukutania katika kitabu cha Kutoka wanasifiwa kwa neno hilihili. Kule Uingereza ya zamani, waliojulikana kama “cunning folk” walikuwa waganga wa kienyeji, watu wenye ujuzi wa dawa na wa kutafuta vitu vilivyopotea. Leo maana ya kwanza ni nyingine: akili inayotumika kupata kitu kwa faida yako, mara nyingi kwa hasara ya mwingine ambaye hakuona linalokuja. Lina harufu ya mwindaji anayemsubiri mnyama. Ukiiandikia benki kwamba mteja wako ni “a cunning businessman”, umewaambia wafunge milango. Tahadhari nyingine ndogo: maneno “a cunning plan” yamekuwa mzaha kwa Waingereza wengi kwa sababu ya Baldrick, mhusika wa kichekesho cha BBC kiitwacho Blackadder, ambaye mara nyingi alikuwa na mpango wa aina hiyo na mara nyingi mpango ulikuwa wa kipumbavu. Katika maandishi mazito, tafuta njia nyingine ya kusema.

“Crafty” limetoka katika neno la Kiingereza cha kale lililobeba nguvu, kisha ustadi. Wajerumani hadi leo husema “Kraft” wakimaanisha nguvu. Siku hizi ni neno la hila ndogondogo za ustadi, na lina uzito mwepesi kuliko “cunning”. Mwingereza anayetoka nje kwa siri kuvuta sigara husemwa anavuta “a crafty cigarette”. Hakuna anayepelekwa mahakamani kwa jambo hilo. Lakini likiambatana na mpango mkubwa, kama wa mpinzani wa kisiasa, linaweza kukaza sauti na kuwa onyo. Zaidi ya hayo, limepata maana mpya ya kirafiki: mtu anayependa ushonaji, ufumaji na kazi za mikono. Soma sentensi nzima kabla ya kumwita mfumaji mwenye hila.

“Wily” ni hila iliyokomazwa na uzoefu. Humfaa mtu aliyekwepa mitego mingi hata akawa hashikiki: mwanasiasa mkongwe, mchezaji mwenye miaka mingi uwanjani, mwizi ambaye polisi wamemkosa mara kwa mara. Ndani yake kuna heshima ya shingo upande. Kama unataka kumweleza msomaji wa Kiingereza tabia ya Sungura wa hadithi zetu, aliyemfanya Fisi abebe lawama na Simba akose mlo, “wily” linamfaa kuliko yote, kwa sababu Sungura ni mdogo, adui zake ni wakubwa, na hila ndiyo silaha aliyopewa. Abunuwasi naye yumo humo. Wagiriki walikuwa na Odysseus, mbuni wa hila ya farasi wa mbao iliyoiangusha Troy, na watafsiri wengi wa Kiingereza wamemwita “wily”. Hata Wile E. Coyote, mhusika wa katuni za Marekani aliyeanza kuonekana mwaka 1949, amelificha neno hilo katika jina lake, ingawa mnyama yule kila siku ananaswa na mtego alioutega mwenyewe. Wahenga walishasema mwerevu hajinyoi.

“Artful” limetoka katika sanaa. Hapa hila inapendeza machoni: jibu lililopangwa vizuri hata aliyeuliza hakutambua kwamba hajajibiwa. Wasomaji wa Charles Dickens wanamkumbuka mtoto mchomoaji wa mifukoni katika Oliver Twist, riwaya iliyoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1837, ambaye jina lake la mtaani ni Artful Dodger. Ni mwizi, lakini wizi wake una mtindo, na neno limeuona mtindo huo. “Artful” hutumika pia kwa vitu, na hapo ni sifa tupu: maua yaliyopangwa kwa ustadi yanaweza kuitwa hivyo.

Usoni na ulimini: “sly” na “slick”

“Sly” hukaa usoni, hasa machoni na pembeni mwa mdomo. Mtu “sly” anajua jambo ambalo wewe hulijui, na anafurahia kwamba hulijui. Ndiyo maana kuna “a sly smile” na “a sly glance”, na huwezi kusema “a devious smile” ukapata picha ileile. Neno lenyewe lilikuja kutoka kwa watu wa Skandinavia, na katika ukoo wake kuna “sleight”, kama katika “sleight of hand”, wepesi wa mkono wa mwanamazingaombwe. Jambo lililofanywa “on the sly” kwa Kiswahili limefanywa kinyemela. Kati ya marafiki, “sly” linaweza kuwa utani wa upendo. Kati ya wasiojuana, ni tusi dogo linalobaki moyoni.

“Slick” hukaa ulimini na mavazini. Maana yake ya asili ni utelezi. Muuzaji aliyevaa vizuri, mwenye maneno yaliyopangika, ambaye kila swali lako lina jibu tayari, ni “slick”. Kinachokutia shaka ni kwamba hakuna mahali pa kumshika. Kwa Kiswahili, “mwenye ulimi wa asali” humfikia vizuri. Wapinzani wa Bill Clinton walimwita “Slick Willie” kwa maana hiyo. Lakini tangazo au filamu ikiitwa “slick”, mara nyingi ni sifa ya utengenezaji safi, pengine na lawama kidogo kwamba ndani ni patupu.

Maneno ya lawama: hapa pana mtuhumiwa

Kuanzia hapa usitumie neno bila ushahidi.

“Devious” limetoka Kilatini, na maana yake ni kuacha njia kuu. Hata leo “a devious route” ni njia ya kuzungukazunguka. Mtu “devious” haji kwako moja kwa moja: anaanzia kwa shemeji yako, anapitia kwa jirani, anaibukia mezani kwako na karatasi ya kusaini. Hila yake ipo kwenye mpangilio, na ni lazima iwe na hatua zaidi ya moja. Mwongo wa papo kwa papo si “devious”. Wahenga wetu walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ni ndefu, na urefu huo ndio kosa lake.

“Underhand”, ambalo Wamarekani hupenda kuliandika “underhanded”, linashtaki kitendo kuliko mtu. Kiswahili kina neno lake hasa: kichinichini. Zabuni iliyotolewa kwa mjomba wa mkurugenzi kabla ya siku ya kufungua bahasha imetolewa kwa njia za “underhand”. Tumia neno hili pale utaratibu ulipovunjwa kwa siri.

“Scheming” ni la mtu mwenye njama, anayepanga muda wote. Linaeleza mazoea kuliko tukio. Tamthilia za televisheni zimejaa watu wa namna hii, na ndiyo maana neno lina ladha ya tamthilia: katika ripoti ya ofisi linasikika kama umbeya.

“Deceitful” linasema wazi kwamba mtu alidanganya, na alikusudia. Ukiliandika katika hati, umedai kujua nia ya mtu. “Duplicitous” linaongeza jambo moja: uwili. Kilatini chake kinahusu kitu kilichokunjwa mara mbili. Huyu ana uso mmoja kwako na mwingine kwa adui yako, na nyuso zote mbili zinatabasamu. Kiswahili hakihitaji kuazima chochote hapa, kwa maana tunaye ndumilakuwili, na tunaye mzandiki. Mfasiri anayeandika “mdanganyifu” mahali pa “duplicitous” ameutupa uwili huo, nao ndio uliokuwa shtaka.

Kuna pia tapeli, ambaye kwa Kiingereza ni “con man”. Neno “con” hapo ni kifupi cha “confidence”, imani. Mwaka 1849 mtu aliyeitwa William Thompson alikamatwa New York kwa mchezo rahisi: alimsogelea mgeni mwenye sura ya fedha, akajifanya wanajuana, akamuuliza kama ana imani naye kiasi cha kumwachia saa yake hadi kesho. Magazeti yakampa jina la mtu wa imani, na jina likabaki kwa watu wa aina yake wote. Tofauti yake na “cunning” ni kubwa: “cunning” ni sifa ya akili, “con man” ni kazi.

Hila isiyo na mwenyewe

Makosa mengi ya wanafunzi yanatokea hapa. “Deceptive” na “deceitful” hayabadilishani. Kitu kinaweza kuwa “deceptive” bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya: maji ya bahari yaliyotulia juu na mkondo mkali chini, umbali unaoonekana mfupi jangwani, chupa kubwa yenye dawa kidogo. Vyote ving’aavyo si dhahabu, lakini kung’aa si kosa la kitu chenyewe. “Deceitful” linahitaji moyo uliokusudia. Ukiandika kwamba takwimu za wizara ni “deceptive”, umesema zinaweza kumpotosha msomaji. Ukiandika kwamba ni “deceitful”, umesema kuna mtu aliyekaa akazipika. Kati ya sentensi hizo mbili pana kesi ya kashfa.

“Insidious” limetokana na neno la Kilatini la kuvizia. Mara nyingi halimhusu mtu bali jambo linaloingia polepole bila dalili, likajulikana madhara yakiwa yameshafanyika. Shinikizo la damu ni “insidious”: mtu anaweza kuishi nalo miaka bila kuhisi kitu. Rushwa ndogondogo inayozoeleka hadi ikaitwa chai ni “insidious” vilevile. Tafsiri kwa kitenzi kuliko kivumishi: “inanyemelea”, “inapenya kimyakimya”.

“Tricky” huwa ni la jambo gumu lenye mtego: swali la mtihani, kona ya barabara, mazungumzo na baba mkwe. Likimwangukia mtu hubadilika kuwa tuhuma. Richard Nixon alipogombea useneti California mwaka 1950 alipachikwa jina la “Tricky Dick”, na lilimwandama hadi alipojiuzulu urais mwaka 1974.

Neno moja linalohitaji sehemu yake

“Disingenuous” linatumika kila siku katika magazeti na mabunge ya Kiingereza, na wasomaji wengi hulipita bila kulielewa. Si uongo mtupu. Ni kusema jambo huku ukijifanya hujui unalolijua. Kampuni inasema haijapokea malalamiko hata moja, ilhali imeifunga namba ya malalamiko. Kila neno ni kweli. Unyofu ndio uliokosekana. Kiswahili kinalo la kutosha: kujitia hamnazo, kujifanya hujui. Kwa kuwa Bunge la Uingereza haliruhusu mbunge kumwita mwenzake mwongo ukumbini, maneno yanayokaribia shtaka hilo bila kulitamka yana thamani kubwa kwa wasemaji wao.

Liweke mbali na majirani zake. “Ingenious” ni mbunifu. “Ingenuous” ni mnyofu, asiye na hila, pengine hadi ujinga. “Disingenuous” ni kinyume cha “ingenuous”, halihusiani na ubunifu. Herufi moja ikikosewa, mvumbuzi anageuka mjinga.

Nani anamwita nani?

Hata ukiyajua maneno yote haya, bado hujamaliza, kwa sababu yamekuwa yakigawiwa watu kwa upendeleo. Tendo lilelile la kupanga mapema linamfanya mwanamume aitwe “shrewd” na mwanamke aitwe “scheming” au “calculating”. Riwaya za zamani za Kiingereza zina “a designing woman”, mwanamke anayemtegea mwanamume mwenye mali, na neno “wiles” hadi leo huwaandama wanawake zaidi. Katika maandishi ya Waingereza waliotawala India, “the wily Pathan” (Mpashtuni mwenye hila) ilikuwa kauli ya mazoea: watu waliokuwa wakiilinda milima yao waliitwa wenye hila, wakati afisa aliyewatega wao aliitwa mwenye akili.

Kwa hiyo ukitafsiri maandishi ya wakoloni, usiyalainishe. Lawama iliyomo ni sehemu ya ushahidi wa historia. Ipeleke kwa msomaji kama ilivyo. Lakini unapoandika la kwako, badilisha mtendaji kichwani mwako kabla ya kukubali neno. Kama usingemwita kaka yako “cunning” kwa tendo hilo, usimwite hivyo jirani wa kabila lingine.

Hata watafsiri wa Biblia hawajakubaliana. Nyoka wa Mwanzo sura ya tatu ni “subtil” katika toleo la 1611, na katika matoleo mengi ya karne ya 20 ni “crafty”. Toleo moja lililoandika upya lile la King James limechagua “cunning”. Neno la Kiebrania lililoko pale ndilo linalotumika kwa sifa katika Mithali, kwa mtu mwenye busara. Biblia ya Kiswahili ya Union ikamwita nyoka mwerevu, ikauacha mlango wazi: akili ni akili, ubaya upo katika ilikotumika.

Zoezi: Juliasi Kaizari

Chukua tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri na kuitoa mara ya kwanza mwaka 1963. Ina wajanja wa kila rangi, kwa hiyo inafaa kwa mazoezi.

Cassius, mwanzilishi wa njama ya kumuua Kaizari, anaandika barua kwa miandiko tofauti, zinatupwa dirishani kwa Brutus, ili Brutus adhani raia wengi wanamwomba ainuke dhidi ya Kaizari. Mpango wake ni “devious”, maana unapita njia ya mzunguko. Kitendo cha barua ni “underhand”. Kumwita “sly” ni kulipunguza jambo lililoishia kwa mauaji.

Kaizari anakataa kwenda barazani kwa sababu mkewe ameota sanamu yake ikitoka damu. Decius, mmoja wa wala njama, anaigeuza ndoto: damu ile ni uhai ambao Rumi itaupata kwake. Tafsiri yake ni “artful”. Ina ustadi na inapendeza masikioni. Nia yake ni “deceitful”. Ona jinsi maneno mawili yanavyoweza kumhusu mtu mmoja kwa wakati mmoja, moja likigusa namna na jingine likigusa kusudi.

Antony, rafiki wa Kaizari, anawashika mikono wauaji ingali na damu, kisha anapanda jukwaani. Anamwita Brutus mwenye heshima, analirudia neno hilo hadi linageuka kuwa tusi. Wafuasi wa Brutus watamwita “duplicitous”. Wafuasi wa Kaizari watamwita “shrewd”. Wewe ukiandika insha, lazima uamue umesimama wapi, au utumie “wily”, linalokiri hila bila kufunga kesi.

Mwisho, Cassius mwenyewe anamwonya Brutus kuhusu Antony kwa kutumia neno “shrewd”. Shakespeare aliandika tamthilia hii karibu mwaka 1599, na wakati huo neno lilikuwa bado na miba. Ukilitafsiri hapo kwa “mwenye jicho kali”, onyo la Cassius litakuwa limegeuka sifa.

Namna ya kufanya kazi kila siku

Tumia kamusi ya wanafunzi ya Kiingereza, kama ile ya Oxford iliyoasisiwa na A. S. Hornby, ambayo huweka alama ya kutoridhia mbele ya maneno ya lawama. Orodha za visawe, kuanzia ile ya Peter Mark Roget ya mwaka 1852, hukusanya maneno ya wazo moja mahali pamoja lakini hazikuambii yanavyoachana. Zitumie kukumbuka neno, usizitumie kulichagua.

Jifunze neno pamoja na jirani yake: “shrewd” na uwekezaji, “sly” na tabasamu, “wily” na ukongwe, “devious” na njia, “insidious” na maradhi, “disingenuous” na madai. Neno ukilikuta peke yake utalisahau. Ukilikuta na jirani yake utajua linakoishi.

Chunga “foxy”. Ingawa limetoka kwa mnyama anayesifika kwa hila, katika Kiingereza cha Marekani mara nyingi ni neno la kumwita mwanamke mwenye mvuto wa kimapenzi. Halifai ofisini.

Ukitafsiri kwenda Kiswahili, usiyamwage yote katika “mjanja”. Tunao mwerevu, mtambuzi, mwenye hila, ayari, laghai, tapeli, mzandiki, ndumilakuwili. Tunavyo vitimbi, ghiliba, hadaa na njama. Tunazo kinyemela na kichinichini. Lugha yetu haina upungufu hapa. Uvivu wetu ndio unaoifanya ionekane masikini.

Na pale neno linapokataa kupatikana, liache, eleza tendo. “Aliuza shamba moja kwa watu wawili, kila mmoja kwa hati yake” ni sentensi inayoweza kusimama mbele ya hakimu, mhariri na mwenye shamba. “He is cunning” haiwezi. Kivumishi kinamwomba msomaji akuamini. Tendo lililoelezwa kwa usahihi linamwachia ahukumu mwenyewe, na hiyo ndiyo haki ya msomaji na ya anayesemwa.